"Hii Kanunue Nje": Swali la Kuuliza Kabla ya Kuondoka Dirishani

Katika vituo vya afya, maneno "hii kanunue nje" husemwa kwa upole na kupokelewa bila swali. Mgonjwa huvuka barabara, huingia duka la dawa na kutoa fedha. Tunamshauri mtumiaji wa huduma, awe Bariadi mjini au kijijini Itilima, aulize kwanza jambo moja: dawa hii haimo katika kitita cha bima yangu, au imo ila imekwisha? Majibu hayo mawili hayana matokeo sawa.

Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, haulipii kila kinachoandikwa na tabibu. Hulipia dawa zilizomo katika kitita cha mafao, ambacho toleo lake lililorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Machi 2024. Msingi wake ni Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, na orodha hiyo hupanga dawa kwa ngazi za vituo, kuanzia zahanati. Kwa hiyo dawa isiyotolewa na zahanati wilayani Meatu yaweza kutolewa kwa mgonjwa yuleyule katika hospitali ya rufaa ya mkoa.

Nje ya kitita ndiko zinakoangukia nyingi ya bidhaa ambazo mtu hujinunulia bila cheti: sharubati za vitamini, virutubisho, unga wa lishe. Uingereza nayo, mwezi Machi 2018, iliwaelekeza madaktari wake waache kuandika kwa gharama ya umma dawa baridi za maradhi madogo 35, baada ya kuona kuwa zilikuwa zikigharimu takribani paundi milioni 569 kwa mwaka. Kwa maoni yetu kizuizi cha namna hiyo ni halali. Shilingi inayonunua vitamini za mtu mwenye afya ni shilingi iliyokosekana kwenye insulini. Kinachotusumbua ni pale kizuizi kinapotajwa ili kufunika rafu tupu.

Dawa iliyomo katika kitita ikiwa imekwisha, mwanachama wa Mfuko hapaswi kuinunua. Aombe fomu ya kuchukulia dawa, ambayo wengi huijua kama fomu 2C, kisha aende kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Mfuko. Si kila duka limesajiliwa, hivyo aulize ni lipi. Na kabla ya kuthibitisha huduma, kwa saini au kwa alama ya kidole, asome dawa zilizoorodheshwa. Asikubali kuthibitisha dawa ambayo hakuipokea.

Mara nyingine kinachokataliwa si dawa, ni jina la biashara. Panadol ni parasetamoli. Mgonjwa akipewa parasetamoli ya kiwanda kingine iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, hajapunjwa.

Wapo pia wasio na kadi yoyote. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea malipo, katika vituo vya serikali, watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wasio na uwezo. Mama aliyeambiwa anunue chumvichumvi na vidonge vya zinki kwa mtoto anayeharisha ana haki ya kuuliza sababu. Vivyo hivyo chakula tiba cha karanga, kile cha pakiti ya gramu 92. Hicho ni tiba ya utapiamlo mkali, hutolewa bure kituoni baada ya mtoto kupimwa, na ukikikuta kimepangwa dukani au gulioni, ujue kimetoka mahali kisipostahili kutoka. Unga wa uji ni jambo jingine; huo familia hujinunulia.

Jibu lisiporidhisha, mwone mganga mfawidhi wa kituo siku hiyohiyo, ukiwa na cheti cha dawa mkononi. Ukiwa umekwisha kununua, tunza risiti yenye tarehe na jina la dawa, uipeleke pamoja na cheti kwenye ofisi ya Mfuko ya mkoa.