Fungua Kwanza Sanduku la Kanga

Wengi wanaotaka kuandika maisha yao huanza na "Nilizaliwa mwaka fulani," wakafika ukurasa wa pili, kalamu ikagoma. Si kwamba hawana la kusema. Kumbukumbu haiitiki ukiiita kwa tarehe. Huitika kwa harufu, kwa kitambaa, kwa wimbo unaopita dirishani. Jaribu njia hizi.

1. Fungua sanduku la kanga. Mwombe mama, shangazi au bibi akutolee doti moja moja. Usimwambie "nieleze maisha yako," atakuambia hana kitu. Uliza tu: "Hii uliipata wapi?" Kila kanga ina jina lake, na kuna aliyelichagua kwa sababu: arusi, msiba, au kumjibu jirani asiyechoka kusema watu. Mama yangu alinionyesha kanga ya kijani iliyopauka, akasema ndiyo aliyonibebea mgongoni usiku tulipohama. Mimi sikujua kama tuliwahi kuhama. Tulikaa juu ya mkeka mpaka adhuhuri, na sura nzima ya kitabu changu ikatoka kwenye kitambaa kile.

2. Geuza picha. Nyuma kuna mhuri wa studio, tarehe, pengine maneno ya "ukumbusho" kwa wino uliofifia. Kisha jiulize nani hayupo pichani, na kwa nini.

3. Pika chakula ulichokichukia. Waliokula ugali wa unga wa njano, ule wa yanga, wakapanga foleni ya sukari na sabuni, wanajua harufu ya ugali ule inabeba watu wangapi: nani aliyetumwa dukani alfajiri, nani aliyelala njaa ili mdogo ashibe.

4. Fuata kalenda ya wazee. Kwao mwaka si namba. Ni wakati wa Operesheni Vijiji, ni Vita ya Kagera, ni mvua za El Niño. Uliza, "Wakati huo ulikuwa unalala nyumba gani?" Miaka utaipata baadaye: vita ilianza 1978, mvua zile zilikuwa za 1997 na 1998. Mzee akikosea, usimkatize.

5. Mwandikie mtu mmoja. Hili naliamini kuliko yote. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, na aliyekuwa akimwona mbele yake ni binti yake. Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alianza kuandika habari za utoto wake ili wanawe waijue nchi ambako hawakuzaliwa. Kitabu kilitoka mwaka 1886. Naye Shaaban Robert, ndani ya Maisha Yangu, aliweka tenzi mbili, mmoja kwa binti yake na mmoja kwa mwanawe. Ukijua unayezungumza naye, unajua pia cha kuacha. Andika jina lake juu ya ukurasa wa kwanza. Utalifuta siku ya kuchapisha.

6. Rudi kwa miguu. Nenda shule yako ya msingi, kisimani, stendi ya zamani. Kama nyumba ilibomolewa, simama palipokuwa na mlango.

7. Panapouma, pita polepole. Si lazima uanze na kifo au talaka. Andika kwanza viatu alivyovaa marehemu.

8. Usizime kinasa sauti mapema. Mwambie mwenyeji simu inarekodi, akiridhia iache iendelee hata maswali yakiisha, chai ikinywewa, mkiagana. Shangazi alinijibu saa mbili nzima kuhusu babu bila kusema lolote jipya. Aliponisindikiza, mkono uko kwenye komeo, ndipo aliposema: "Lakini ile barua aliyoiacha hujaisoma, sivyo?"