Mto Umepona? Waulize Wadudu wa Chini ya Mawe

Miti ikishapandwa kando ya mto na mifugo ikizuiwa kuingia, huwa tunasema mto umerudi. Kabla ya kusema hivyo kuhusu mito ya Korogwe na Handeni, yafaa tufunue mawe yake tuone ni nani anayeishi chini yake.

Miti imepandwa na imeshika. Je, huo si ushahidi wa kutosha?

Miti ni kazi tuliyoifanya; afya ya mto ndiyo matokeo tunayoyatafuta. Mwaka 2010 mtafiti Margaret Palmer na wenzake walichambua miradi 78 ya kukarabati mito, mingi ikiwa ya Marekani na Ulaya. Mito hiyo ilikuwa imerudishiwa mawe, vina na mikondo yake, lakini ni miradi miwili tu iliyoonyesha wazi kuwa aina za viumbe wadogo wa majini zimeongezeka. Umbo la mto lilikuwa limerekebishwa huku madhara yakiendelea kuteremka kutoka juu. Hapa Korogwe somo hilo linatugusa moja kwa moja. Maji yanayotoka kwenye korona, yaani mitambo ya kuchambua nyuzi za mkonge, huwa na asidi na hula oksijeni ya mto, na mti wa ukingoni hauwezi kuyachuja yakimwagwa mtoni kwa mfereji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo, na ni sheria njema, lakini mto hubeba pia yale yanayotendeka nje ya mita hizo.

Kwa nini wadudu, wakati maabara inaweza kupima maji?

Chupa ya maabara husema maji yalikuwaje saa yalipotekwa. Uchafu uliomwagwa usiku unaweza kuwa umeshapita kufikia asubuhi. Buu hukaa mtoni kwa wiki au miezi na hana pa kukimbilia, kwa hiyo hubeba historia ya maji hayo. Mwaka 2015 watafiti Kaaya, Day na Dallas walichapisha kipimo cha Tanzania kiitwacho TARISS, kilichotokana na SASS cha Afrika Kusini. Mpimaji huvuruga mawe, majani na mchanga, hukinga kwa wavu, kisha hutambua familia za viumbe palepale mtoni. Katika SASS, familia ya Perlidi, inayohitaji maji safi yenye oksijeni nyingi, hupewa alama 12, na minyoo inayovumilia uchafu hupewa 1. Jumla ya alama hugawanywa kwa idadi ya familia zilizopatikana. Wavu na macho yaliyofunzwa havimalizi kazi ya maabara, kwa kuwa wadudu hawataji jina la sumu, ila hutuonyesha pa kupeleka chupa.

Mito ya Handeni hukauka. Kipimo hiki kitaifaa?

Pingamizi hili ni la haki. Alama hizi zilitungwa kwa mito inayotiririka. Dimbwi lililobaki kiangazi likiwa na mabuu ya mbu na mende wa majini litapata alama ndogo hata kama hakuna aliyeliharibu. Kwa hiyo tusiupime mto Msangasi wa Handeni kwa kuulinganisha na vijito vya milima ya Usambara. Tuulinganishe na kijito kingine cha msimu ambacho hakijaharibiwa, na tupime wiki zilezile kila mwaka baada ya maji kurudi. Hapo kipimo kitatuambia jambo la kweli.

Je, hatutafuga wadudu wa maradhi?

Mabuu ya inzi wanaoeneza usubi, ugonjwa unaojulikana mkoani Tanga, hupenda maji ya kasi yenye oksijeni, hivyo hofu hii ina msingi. Lakini mbu aina ya Kuleksi hustawi katika maji machafu, na mto uliooza haujawahi kuwa kinga ya afya. Usubi hudhibitiwa kwa kugawa dawa ya ivamektini kwa jamii. Kuuacha mto uharibike si njia ya kuutibu ugonjwa huo.

Alama zisipopanda, je, tumeshindwa?

Hapana, tumepata utambuzi wa ugonjwa. Tope likijaza nafasi kati ya mawe, tutazame mashamba ya juu. Mawe yakiwa safi na wadudu bado hawapo, tutazame kemikali, au tuulize kama kuna kijito cha jirani ambako wadudu wapevu wanaweza kuruka kuja kutaga. Lakini hakuna jibu kati ya hayo litakalopatikana ikiwa hatukupima kabla ya ukarabati, juu na chini ya eneo lililokarabatiwa, kisha tukarudia kwa miaka. Bodi ya Maji Bonde la Pangani na jumuiya za watumia maji zikianza na kipimo hicho cha kwanza kabla mche wa kwanza haujaingia ardhini, siku ya kutangaza kuwa mto umepona tutakuwa na la kulinganisha nalo.