FUNDISHO LA FIZIKA: Kuingiza sauti ya simu ndani ya posti ya zamani ya gari



Safari hii sisi wa mwaka wa mwisho, sehemu ya umeme, tuliombwa kuandika fundisho la fizika. Wenzetu wengine walitaka tuandike juu ya jua na nyota. Sisi tulichagua posti ya gari la shule. Kwanza, karibu mambo yote tuliyosoma juu ya umeme yanaonekana ndani ya kisanduku kile. Tena, ni sisi tulioiharibu, na wengi kati yenu walisikia habari ile katika kiwanja bila kuambiwa sababu yake.

Munalijua gari lenyewe. Ni Hiace yenye usukani upande wa kuume, ilitoka Japani ikapita Kasumbalesa sawa vile magari mengi ya hapa Lubumbashi. Posti yake ni ile iliyowekwa na kiwanda: redio na kaseti, kifungo kimoja cha kuzungusha sauti. Redio ya FM ya Japani ilitengenezwa kwa mawimbi ya 76 mpaka 90 MHz. Sisi huku redio zetu za FM zinasema kati ya 87,5 na 108. Basi posti ile inasikia paka kipande kidogo, kutoka 87,5 mpaka 90, na zingine zote haizijui. Upande wa kaseti, mupira unaozungusha magurudumu ulikatika zamani. Lakini amplifikateri na mabafle yake ni mazima. Ni kama mutu mwenye sauti nzuri ambaye masikio yake yameziba.

Kiongozi wa kwaya alikuwa ametia nyimbo zote ndani ya simu yake: soprano na alto upande wa kushoto, tenori na base upande wa kuume, kusudi kila mumoja ajifunze sauti yake ndani ya gari. Safari ilikuwa ya Likasi, karibu kilometa 120. Tulimwambia, hakuna shida, tutafunga simu kwenye posti. Sisi makapita tulikuwa na ufunguo wa labo, na hatukuuliza mutu.

Tulifanya hivi. Tulitoa kifuniko cha mulango wa kuume, tukaona waya mbili za bafle, moja nyeupe na moja nyeusi. Tukasema: nyeusi ni masi. Tukakata waya ya ekuteri, tukafunga sauti kwenye nyeupe na masi ya simu kwenye nyeusi. Simu yenyewe ilikuwa inakula umeme kwa sharjeri kwenye tundu la kuwashia sigara. Mwenzetu akawasha posti. Tulisikia «tak», kisha harufu. Bafle la kuume likanyamaza, na tundu la ekuteri la simu likafa siku ile ile. Kwaya ikafika Likasi bila mazoezi, na waliokuwa pale wanajua ginsi wimbo wa pili ulivyoimbwa.

Sasa tuangalie sababu. Katika posti za zamani sana, waya moja ya bafle inafungwa kweli kwenye masi, ni kusema kwenye chuma cha gari. Lakini katika posti nyingi zilizofuata, amplifikateri inashika bafle kwa mikono miwili: mukono mumoja unasukuma wakati ule mwingine unavuta. Faida yake ni kubwa. Bafle linapata volti mara mbili, na kwa kuwa P = U²/R, nguvu inakuwa mara ine, kwa batri ile ile ya volti 12. Lakini kwa kazi hiyo kila waya ya bafle inakaa katikati ya batri, volti 6 hivi juu ya masi. Mukipima kati ya waya mbili mutapata 0, kwani 6 kutoa 6 ni 0, na bafle linatulia. Mukipima kati ya waya nyeusi na chuma cha gari, mutapata 6. Rangi nyeusi haisemi kitu. Ni multimetri inayosema.

Kwa hiyo volti 6 ziliingia kwenye masi ya simu. Masi ya simu, kwa njia ya sharjeri, imeshikana na chuma cha gari. Umeme ukapata njia fupi: kutoka amplifikateri, kupita ndani ya simu, kupita sharjeri, mpaka chuma. Kile kidude cheusi chenye miguu mingi kilichofungwa juu ya chuma cha kupozea kikaungua upande mumoja. Fizibli haikukatika, kwa sababu fizibli inalinda waya za gari, haiwezi kulinda kitu chembamba kama simu. Jambo hilo hatukulijua, na tunaona hata leo wengi wanasema «iko na fizibli, hapana kuogopa».

Tuseme na yale mengine pia, maana yalifika masikioni mwenu. Papa shofere ndiye aliyeulizwa, kwa kuwa gari liko mukononi mwake. Aliambiwa feza za kutengeneza zitakatwa kwa mushahara. Alituuliza paka mara moja: «Bana bangu, redio njo iliharibika namna gani?» Tukasema hatujui. Tulikaa siku tatu na neno lile. Siku ya ine tuliingia kwa Bwana Prefe, tukiwa wane, tukasema yote. Kidude cheusi tulikinunua kwa feza zetu wenyewe, fundi mumoja wa muji akakibadilisha, na tulipiga jembe katika shamba la shule majuma matatu. Papa shofere alipojua, alicheka. Hilo lilitushinda kuliko jembe.

Basi, njia ya kweli ni gani? Sauti ya simu ni ndogo. Inafaa iingie mwanzoni mwa amplifikateri, si mwishoni ambapo sauti kubwa inatoka.

Kuna njia mbili za kufanya bila kufungua posti. Moja ni kiredio kidogo cha kutangaza kwa FM, kinachowekwa kwenye tundu la sigara. Ni rahisi, lakini kwa gari la Japani munapashwa kukiweka chini ya 90, na vingi vinaanza kwa 87,5, basi nafasi ni ndogo, na redio ya muji ikiwa pale pale inafunika wimbo wenu. Nyingine ni kaseti ya uongo yenye waya: ndani yake muko koili inayotoa sumaku mbele ya kichwa cha kusomea, na kichwa kinadanganyika, kinafikiri ni utepe unaopita. Ni akili nzuri sana. Ikiwa kaseti yenu inazunguka, chukueni hiyo, musifungue kitu. Yetu haizunguki.

Kwetu ilibaki kufungua. Posti ilitolewa ndani ya gari, ikawekwa juu ya meza ya labo, na safari hii mwalimu wa fizika alikuwa pamoja nasi. Tazameni kwanza kifungo cha sauti. Nyuma yake kuna potansiometri, mara nyingi ya miguu sita: mitatu ya kushoto, mitatu ya kuume. (Zingine ziko na mguu wa kuongeza kwa kazi ya kukuza sauti nene, musichanganyikiwe.) Katika kila mitatu, mguu mumoja uko kwenye masi. Wa katikati unapeleka sauti kwa amplifikateri. Wa tatu ndio mulango: hapo inaingia sauti kutoka redio na kaseti. Kuutambua si kazi ngumu. Posti ikiwa imezimwa, pimeni kwa multimetri kutoka masi. Mguu unaoonyesha 0 ohm ni wa masi. Ule ambao hesabu yake inapanda na kushuka mukizungusha kifungo ni wa katikati. Unaobaki ndio munaoutafuta.

Kwa nini tusiingize kwenye waya za kichwa cha kaseti, ambazo zinaonekana vizuri na ni rahisi kusude? Mwenzetu mumoja aliuliza hivyo. Kichwa cha kaseti kinatoa umeme mudogo sana, chini ya milivolti moja. Simu inatoa mamia ya milivolti. Ni kumimina ndoo ndani ya kijiko. Tena sehemu ile inainua sauti nene na kushusha sauti nyembamba, kwa kurudisha usawa wa utepe. Wimbo wa simu ungetoka kama mutu anayeimba ndani ya pipa.

Sasa tahadhari ambayo tuliinunua kwa bei. Tuliwasha posti, tukapima volti kwenye ule mguu wa mulango. Ilikuwa 4. Mukifunga simu hapo moja kwa moja, volti zile zinaingia ndani ya simu tena, na hadisi inarudi mwanzo. Kati yao inaomba kondansateri, moja kwa kila upande. Umeme wa batri, unaosukuma upande mumoja bila kubadilika, haupiti. Sauti, inayokwenda na kurudi, inapita.

Lakini ya kiasi gani? Hapa tulikosea mara ya pili. Tulitoa kondansateri mbili za mikrofaradi 0,1 ndani ya redio iliyokufa, tukasude, tukafurahi. Soprano ilitoka safi. Base walisema hawajisikii. Tulidhani ni malalamiko, kwa maana base hulalamika siku zote. Mwalimu akatupeleka ubaoni. Potansiometri yetu ni ya ohm 10 000. Sheria ni f = 1/(2πRC). Kwa 0,1 mikrofaradi munapata karibu 159 Hz, na chini ya hapo sauti inaanza kupotea. Mwimbaji wa base anashuka mpaka 82 Hz hivi. Fanyeni hesabu: kwa 82 Hz, volti zinazopita hazifiki nusu. Base walikuwa na haki. Kwa mikrofaradi 1, f inashuka mpaka karibu 16 Hz, na hakuna mutu wa kwaya anayeimba huko. Tukabadilisha. Ikiwa kondansateri ni ile yenye + na −, upande wa + uelekee palipo na volti nyingi, kwetu ni upande wa posti.

Tundu lenyewe tulitafuta lile la milimeta 3,5 lenye miguu mitano. Ndani yake kuna vibamba viwili vidogo: fishi ikiwa nje, vinashikana, na fishi ikiingia, vinaachana. Tulikata njia ya shaba kwenye plaketi, mbele ya mulango wa potansiometri, kushoto na kuume. Sauti ya redio tuliileta kwenye vibamba. Kutoka kwenye miguu inayogusa fishi, sauti inapita kondansateri, inaingia potansiometri. Hivi, bila fishi, redio inasema kama zamani. Fishi ikiingia, redio inakatwa yenyewe na simu inasikika. Hakuna kifungo cha kuongeza. Posti iachwe upande wa redio, si wa kaseti, kwa maana upande wa kaseti hauamki kama hakuna utepe unaozunguka.

Juu ya fishi, kumbukeni: ncha ni kushoto, pete inayofuata ni kuume, na shina ni masi. Fishi ya ekuteri yenye kinasa sauti iko na vipande vine, lakini ncha na pete ya kwanza zinabaki zile zile. Mutu asiunganishe kushoto na kuume pamoja kwa waya tupu kusudi apate sauti moja. Kila upande upite kwanza rezistansi ya ohm 1 000, bila hiyo pande mbili zinapigana ndani ya simu. Simu mupya isiyo na tundu la mviringo inaomba kipande cha kugeuza. Waya kutoka tundu mpaka plaketi ziwe fupi na zenye kufunikwa na masi. Zetu za kwanza zilikuwa ndefu, zikaleta mulio.

Kabla ya kurudisha posti ndani ya gari tuliijaribu mezani na batri, fizibli ndogo ya amperi 2 ikiwa kwenye waya nyekundu, bila simu kwanza. Tulipima ncha ya tundu na fishi tupu ndani yake: volti 0. Ni hapo tu tulipoomba simu, na kiongozi wa kwaya alitupa ile yake ya zamani, si ingine. Hatukumlaumu.

Ndani ya gari kulitokea jambo moja tena. Moteri ikiwa imezimwa, sauti ilikuwa safi. Moteri ikiwaka, tulisikia kilio chembamba, kikipanda kila mara Papa shofere anapokanyaga mafuta. Ni altenateri. Simu ilikuwa kwenye sharjeri, basi masi yake ilikuwa na njia mbili za kufika kwenye chuma, moja kwa sharjeri na moja kwa waya ya sauti, na kati ya njia hizo volti kidogo za altenateri zinapita. Tukatoa sharjeri, kilio kikakatika pale pale. Mafundi wengine wanaweka transformateri mbili ndogo za moja kwa moja, ambazo zinapitisha sauti bila kushikanisha masi. Sisi tunatia umeme ndani ya simu usiku, labo ikiwa na umeme.

Tundu liko chini ya redio, upande wa kushoto wa usukani, na waya inakaa kwa Papa shofere. Anayetaka kuitumia amuombe yeye.