Mzazi wa Mwanafunzi: Ya Kufanya na ya Kutofanya

Ada umelipa, sare umenunua, madaftari umeyawekea majalada. Usidhani umemaliza. Afya ya mwanafunzi hulindwa nyumbani, na mlinzi ni wewe.

FANYA

1. Mlaze mapema. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Kama gari la shule humfanya aamke saa 11 alfajiri, saa 2 usiku awe amelala, tena ndani ya chandarua. Tamthilia utaangalia peke yako.

2. Mpe uji kabla hajatoka. Hela ya kula si kifungua kinywa. Huishia kwenye ubuyu wa rangi na barafu za mfuko.

3. Zikigawiwa dawa za minyoo na kichocho shuleni, mwache azimeze, na atoke nyumbani ameshiba. Akizimeza na njaa atachefukwa, na mtaa mzima utasema dawa ni sumu.

4. Binti wa miaka 9 hadi 14 apate chanjo ya HPV, inayomkinga na saratani ya mlango wa kizazi. Haigusi uzazi wake. Anayesema inagusa muulize alisomea wapi udaktari.

5. Mwache acheze: rede, mpira, kamba. Angalau saa moja kila siku.

USIFANYE

1. Akienda likizo kwa bibi kanda ya Ziwa, usimwache aogelee ziwani wala kwenye madimbwi yenye konokono. Vimelea vya kichocho hupenya hata ngozi nzima isiyo na kidonda. Na popote mvulana akikojoa damu, usiseme anabalehe. Mpeleke zahanati.

2. Usimteremshie chakula kwa chai ya rangi. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na damu ikipungua mtoto husinzia darasani. Kisha unamwita mvivu.

3. Usimjazie tuisheni mpaka Jumapili.

4. Usimchape kwa sababu ya alama, wala usimtajie mtoto wa jirani. Hesabu haziingii kwa fimbo.

5. Usipuuze tumbo linalouma kila Jumatatu na kupona kila Ijumaa jioni. Tumbo hilo halina dawa dukani. Weka simu chini, muulize ni nani anamsumbua, kwenye gari au darasani. Akianza kusema, usimkatize.