TUMSAIDIE MTOTO KUGAWANYA KWA NJIA NDEFU



Wazazi wengi katika jumuiya zetu ndogo ndogo wana kilio kimoja: mtoto alikuwa anaelewa hesabu vizuri, lakini alipofika kwa kugawanya kwa njia ndefu akakwama. Wengine hudhani ni uvivu, wakashika kiboko. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na hata nyumbani havifundishi hesabu. Mtoto akichapwa kwa ajili ya hesabu, anachojifunza ni kuogopa kitabu.

Mara nyingi anakwama kwa sababu amekariri hatua tu: gawanya, zidisha, toa, teremsha. Hajui kila hatua inafanya kazi gani, kwa hivyo akisahau moja, zote zimepotea. Basi tumwonyeshe kwa pesa, maana hakuna mtoto asiyejua pesa.

1. Anza na pesa

Kata vipande vya karatasi. Vingine viandike 100, vingine 10, vingine 1. Mwambie mtoto agawie watu watatu shilingi 745 sawasawa. Aanze na pesa kubwa.

Mamia ni 7. Kila mtu anapata 2, zimetumika 6, imebaki 1. Hiyo mia moja haigawanyiki kwa watu watatu, kwa hivyo aende "dukani" kwako aivunje apate kumi kumi. Sasa ana makumi 10, pamoja na yale 4 ya kwanza, ni 14. Kila mtu anapata 4, zimetumika 12, zimebaki 2. Avunje tena: makumi 2 ni shilingi 20, ongeza 5, ni 25. Kila mtu anapata 8, zimetumika 24, imebaki shilingi 1.

Akimaliza, ndipo mwandike pamoja:

```
    248
  -----
3 ) 745
    6
    --
    14
    12
    --
     25
     24
     --
      1
```

Sasa muulize: hii 14 imetoka wapi? Akijibu, "Ni ile mia niliyovunja, pamoja na makumi manne," ameelewa. "Kuteremsha" ni kuchanganya pesa iliyovunjwa na ile iliyokuwa inangoja.

2. Sifuri inayosahaulika

Hapa ndipo watoto wengi huanguka. Mpe 618 agawanye kwa 3. Wengi wataandika 26. Usimwambie amekosa, mwambie ahakikishe kwa kuzidisha. 26 mara 3 ni 78. Je, zile shilingi 540 nyingine zimeenda wapi?

Rudini kwa karatasi. Mamia 6, kila mtu 2. Kumi ni moja tu na watu ni watatu. Hakuna anayepata kumi. Ni lazima aandike 0 mahali pa makumi ndipo aivunje hiyo kumi. Zinakuwa 18, kila mtu 6. Jibu ni 206. Sifuri inashika nafasi ya makumi, ili ile 2 ibaki kuwa mia mbili.

3. Kugawanya kwa namba kubwa

Chama cha akina mama 12 wanagawana shilingi 3,780. Kwanza mtoto aandike kando ya karatasi: 12, 24, 36, 48, 60, 72, 84, 96, 108. Huku si kuiba. Akiwa na orodha hiyo hatakisia, na akili yake itabaki kwa hesabu yenyewe.

Maelfu ni 3, hayatoshi watu 12. Yavunjwe, yawe mamia 37. Kila mmoja 3, imebaki 1. Makumi 18: kila mmoja 1, zimebaki 6. Mwisho ni shilingi 60: kila mmoja 5. Kila mama anapata shilingi 315.

4. Baki ina maana

Baki lazima iwe ndogo kuliko namba tunayogawanyia. Ikiwa kubwa, bado kuna kitu cha kugawa. Pia mtoto aelewe baki inasema nini. Watoto 50 wa kwaya wakisafiri kwa matatu za watu 14, jibu ni 3, baki 8. Hao wanane hatuwaachi barabarani. Tunahitaji matatu 4.

Hata Bwana Yesu, kabla ya kulisha watu elfu tano, aliagiza waketi kwa vikundi, na baadaye mabaki yakakusanywa, vikapu 12. Hakuna kilichotupwa.

Wapendwa, jambo hili si la mtihani peke yake. Siku ya kugawana pesa za chama au malipo ya mahindi, asiyejua kugawanya hupokea anachopewa na kusema asante, hata akiwa amepunjwa. Anayejua huomba daftari, akahesabu mwenyewe, na hakuna ugomvi.

Ya kujadiliana katika jumuiya

1. Ni nani katika kikundi chetu anayegawa pesa? Wengine tunaweza kuhakikisha hesabu yake?
2. Mtoto akishindwa na hesabu, sisi humwambia maneno gani?
3. Zoezi la nyumbani, fanya na mtoto wako: gawanya 824 kwa 4, halafu 2,160 kwa 12. Hakikisheni kwa kuzidisha, na muangalie sana sifuri.