Gome la mtoni hushusha homa, malaria ikabaki

SWALI: Daktari, ninauza nguo hapa Tunduma. Mama mkwe anaishi Ileje, kando ya Mto Songwe. Mtoto akichemka mwili, yeye hubandua gome la mti wenye majani membamba unaoota ukingoni mwa mto, akalichemsha na kumnywesha. Bwana misitu ametuambia kitaalamu mti huo unaitwa Salix. Homa hushuka kweli. Mwanangu wa mwisho ana miaka mitatu. Je, dawa hii ni salama kwake?
Mama wa wawili, Tunduma

JIBU: Kwanza tumpe mama mkwe haki yake: hatungi hadithi. Magome ya miti ya jamii hiyo yana salisini, ambayo mwili huigeuza kuwa asidi ya salisiliki, ndugu wa karibu wa aspirini. Hata aspirini yenyewe, iliyotengenezwa katika kampuni ya Bayer nchini Ujerumani mwaka 1897, ilitokana na utafiti wa dawa za ukoo huo.

Lakini kushusha homa si kutibu malaria, na hapo ndipo ninapoogopa. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliandika kwamba amewapa watu wapatao 50 wenye homa za vipindi unga wa gome la mti wa jamii hiyo, na wengi wakapata nafuu. Enzi hizo malaria ilikuwepo Uingereza, hasa kwenye mabwawa. Stone aliamini Mungu huweka dawa karibu na ugonjwa, kwa hiyo mti wa majimaji ungetibu homa ya majimaji. Ila homa zilipokuwa sugu, alilazimika kuchanganya na gome la mti wa kwinini. Kwinini ndiyo inayoua vimelea vya malaria. Gome la mtoni haliviui. Linapoza mwili tu, nanyi mnadhani mtoto amepona huku vimelea vikiendelea kuharibu damu yake.

Kuna hatari nyingine. Aspirini na jamaa zake hawapewi watoto walio chini ya miaka 16 bila agizo la daktari, kwa sababu aspirini imehusishwa na ugonjwa nadra unaoshambulia ini na ubongo, hasa mtoto anapougua mafua makali au tetekuwanga. Kidonge angalau kimeandikwa miligramu. Gome halina kipimo: nguvu yake hubadilika kwa umri wa mti, msimu na muda wa kuchemsha. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, usimpe.

Mama mkwe mwenyewe naye aache kulinywa kama ana vidonda vya tumbo, pumu, au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Wajawazito vilevile. Na yeyote anayelinywa asiongezee vile vidonge vya maumivu vinavyouzwa rejareja stendi. Tumbo linaweza kutoka damu.

Mtoto akipata homa, mpunguzie nguo, mpe maji au uji mwepesi, na umpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake kama mhudumu atakavyokuelekeza. Kisha mpeleke zahanati ndani ya saa 24 apimwe malaria kwa kipimo cha haraka. Tone la damu ya kidole latosha. Akikutwa nayo atapewa dawa mseto, na dozi imalizwe yote hata akianza kucheza siku ya pili. Kisera, watoto wa chini ya miaka mitano wamesamehewa ada katika vituo vya serikali, kwa hiyo ukosefu wa pesa usikucheleweshe.

Akipata degedege, akilegea, akitapika kila kitu, akishindwa kunywa au akipumua kwa shida, usisubiri asubuhi. Mkimbize hospitali usiku huohuo, na mweleze daktari kama amenyweshwa gome.