KIWAMBO HIKI KITENGENEZWE AU KITUPWE?

Hebu tembeeni hadi nyuma ya maabara ya tarakilishi katika shule nyingi za sekondari. Aghalabu mtakuta rundo la viwambo, kimoja juu ya kingine, vumbi limevifunika, na karatasi imebandikwa: "KIBOVU". Ubovu gani? Karatasi haisemi. Hapo ndipo pesa za wazazi zinapotuponyoka. Kuna wanaotupa kiwambo kizima kwa sababu ya waya, na kuna wanaomlipa fundi mara tatu kwa kiwambo kilichokwisha kufa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sawa, lakini hawakusema mbacha uliooza ushonwe milele.

Kwanza tuelewane. Kiwambo ndicho mafundi wa jua kali hukiita monita au skrini. Katika marundo hayo vimo vya aina mbili: vile vyenye kisogo kirefu kama runinga za zamani, ambavyo ndani mna mrija mkubwa wa kioo, na vile bapa vilivyoenea miaka ya 2000. Usiulize kwanza kina umri gani. Uliza ni kiungo kipi kilichokufa.

Anza na nyaya, maana hazigharimu kitu kuzijaribu. Chukua waya wa umeme wa kiwambo kinachofanya kazi, ukichomeke katika kile kibovu. Kisha tazama waya wa picha, ule wenye pini 15. Pini moja ikipinda au ikikatika, rangi huharibika: nyekundu ikipotea, picha huwa ya kibuluu na kijani, buluu ikipotea, huwa ya manjano, kijani ikipotea, huwa ya zambarau. Mtu akiona hivyo husema kiwambo kimeharibika, kumbe ni waya tu! Na kiwambo kikiwa na uwezo wa kuandika kwamba hakipati mawasiliano, basi chenyewe ki hai. Mgonjwa ni tarakilishi, au waya.

Tuje kwa viwambo bapa. Vingi huonyesha picha sekunde mbili hivi, kisha giza. Hapa tochi ndiyo daktari. Zima taa za chumba, umulike kioo kwa upande, karibu kabisa. Ukiona picha hafifu kama kivuli, paneli ni nzima. Kilichokufa ni mwanga wa nyuma yake au sehemu inayoupa umeme. Kiwambo hicho kina matumaini.

Na kile ambacho taa yake ya kando inawaka na kuzima, au kinachohitaji nusu saa ndipo kikubali kuamka? Mara nyingi lawama ni ya kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi ya umeme. Kapasita nzima ina kichwa bapa. Iliyokufa huvimba kichwa au huvuja maji ya kahawia. Vifaa vingi vya miaka ya mwanzo ya 2000 vilitiwa kapasita hafifu, ndiyo sababu vilikufa mapema. Kapasita moja ni rahisi kuliko nauli ya kuifuata Luthuli Avenue, Nairobi. Ila fundi asibahatishe. Ikiwa ya zamani imeandikwa mikrofaradi 1,000 na volti 16, mpya iwe na mikrofaradi zizo hizo. Volti zaweza kuwa 25, lakini zisiwe 10.

Mstari uliosimama wima toka juu hadi chini, au kioo kilichopasuka, hiyo ni habari nyingine. Paneli imeumia, na paneli ndiyo karibu bei yote ya kiwambo. Msimwite fundi.

Sasa vile vya kisogo kirefu. Ukiona madoa ya rangi pembeni, ondoa spika iliyo karibu. Sumaku yake hupotosha picha. Zima, ngoja kidogo, washa tena. Vingi hujisafisha vyenyewe vinapowashwa. Tatizo likizidi hapo, mimi singekitengeneza. Tupige hesabu pamoja. Cha kisogo hula wati 80 hivi, kiwambo bapa cha siku hizi wati 20. Tofauti ni wati 60. Kwa saa 6 kila siku, siku 200 za masomo, hizo ni uniti 72 kwa kiwambo kimoja! Zidisha kwa bei ya uniti kwenye bili ya shule, kisha kwa idadi ya viwambo. Mwalimu wa hesabu ataniunga mkono.

Jamani, kujaribu nyaya na tochi ni kazi yetu wanafunzi, lakini kufungua mgongo wa kiwambo hasha! Katika mrija mna volti zipatazo 25,000, na zaweza kubaki humo hata umeme ukishachomolewa. Bodi ya kiwambo bapa nayo huhifadhi volti 300 na zaidi. Hapo mwachieni fundi.

Fundi naye ataje gharama kabla ya kugusa kitu. Wengi husema ukarabati usizidi nusu ya bei ya kiwambo cha mtumba. Kwa shule mimi naona nusu ni nyingi. Thuluthi inatosha, kwani sehemu nyingine zilizomo zina umri ule ule na zinangoja zamu yao. Tuseme cha mtumba ni shilingi 3,000: fundi akidai zaidi ya 1,000, mshukuruni mwondoke.

Kilichoshindikana kisivunjwe wala kuchomwa ili kutoa shaba. Kioo cha mrija kina madini ya risasi, na taa za viwambo bapa vya kwanza zina zebaki. Nairobi kuna WEEE Centre, kinachopokea vifaa vya umeme vilivyokwisha. Kabla hakijaondoka, chomoeni nyaya zake zote mbili mziweke kabatini, kwa ajili ya kile kitakachofuata kubandikwa karatasi.